Kikombe ni Kikombe

Jumanne saa tatu asubuhi, mwalimu mstaafu wa hesabu alikuwa sebuleni akikata kucha za miguu wakati keki ya kwanza ilipopiga hodi. Ilikuwa ya duara, imeungua kidogo chini, ngumu kama tofali. Iliingia, ikakaa kwenye kochi na kumwekea magotini kitabu chake cha mapishi.

"Nani huyo?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Keki. Imekuja kulalamika."

"Ikaribishe, basi."

Mwalimu huyo ndiye anayeandika haya. Anajiita "yeye" ili aibu igawanywe kwa wawili, maana peke yake haibebeki.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Keki, ameoka miaka ishirini na sita kwa kikombe kimoja cha bati kilichong'oka mkono. Mwalimu alipostaafu na kukosa wanafunzi wa kuwasumbua, aliamua kuyaandika mapishi hayo kwa gramu, kwa kuwa aliona gramu ni elimu na kikombe ni ushamba. Alijaza kikombe maji, akakipima kwenye mizani, akapata gramu mia mbili na hamsini. Kisha akavaa miwani, akageuza kitabu kizima kwa namba hiyohiyo: unga, sukari, kakao, vyote, bila kuinuka kitini tena.

"Unga si maji, Mwalimu," mkewe alimwambia huku akimwekea chai. "Upime nao. Haufiki hata mia na thelathini."

"Mama, kikombe ni kikombe. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano."

"Haya."

Hilo "haya" lingemshtua mume yeyote mwenye akili. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na lake lilikuwa limeshazikwa.

Kitabu kilitoka na jina la mwalimu kwenye jalada, kwa herufi za dhahabu. La mkewe halikuwemo popote. Ukurasa wa shukrani ulimshukuru mpiga chapa, ukaishukuru pia mizani.

Kufikia Ijumaa keki zilikuwa arobaini na moja, zote zimeokwa na wasomaji waliokifuata kitabu neno kwa neno. Zilipanga foleni kwenye ngazi bila kusukumana, zikiwapisha majirani. Mwenye nyumba aliomba tu zisizibe mlango. Mwalimu aliziita mojamoja, akaziomba radhi, akaandika gramu sahihi ambazo mkewe alimtajia kutoka jikoni bila hata kugeuka.

"Sukari?"

"Mia mbili."

"Kakao?"

"Mia. Na usiishindilie."

Kila namba aliihakiki kwenye mizani, na kila mara ikawa vilevile. Jambo hilo lilimuudhi sana.

Toleo la pili likatoka limesahihishwa. Dibaji ilisema mtunzi, baada ya utafiti wa kina, amegundua kwamba unga si maji. Keki ziliridhika, zikaaga, zikashuka ngazi na kurudi kwao.

Ile ya kwanza haikuondoka. Ilibaki kwenye kochi, ikilitazama jalada. Mwalimu akaiomba radhi mara ya pili, na ya tatu, nayo haikutikisika.

"Hii inangoja nini?" akamuuliza mkewe.

Mama Keki aliitazama keki, akalitazama jalada, akaendelea kukunja aproni yake. "Si wewe ndiye mwenye hesabu?"

Mwalimu alijua. Alijua tangu Jumanne ile, na aliona haya kiasi kwamba masikio yaliwaka moto. Alichukua karatasi, akaandika jina la mkewe kwa mwandiko wake wa ubaoni, akalitazama, akaliona zuri. Halafu akachukua rula akapima jalada. Aliona majina mawili yatabanana.

Toleo la tatu liko kwa mpiga chapa, na jalada ni lilelile. Jana mwalimu alirudi kutoka dukani na mto wa bluu, akauweka nyuma ya keki ili iegemee vizuri.

"Nimeiletea mto," akamwambia mkewe.

"Haya," akasema Mama Keki.