Ujanja wa Saba

Mfumo mpya wa kompyuta uliingia kwangu kama mgeni mwenye kiherehere, ukahamisha vitu bila kuniuliza. Mimi huchora ramani za nyumba, peke yangu, chumba cha mbele, na sipendi mtu anigusie vitu vyangu.

Kitufe cha kuanzia kilihamia katikati, nikakirudisha pembeni. Neno "nakili" lilifichwa nyuma ya "onyesha zaidi"; nikajifunza kunakili kwa vidole viwili bila kugusa kipanya. Kila ushindi niliuandika kwenye daftari na kuupa namba. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, najipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Ujanja wa saba ulihusu vijibarua vilivyokuwa vikiruka kwenye kona ya kioo: hali ya hewa, matangazo, habari za watu nisiowajua. Nikabonyeza picha ya kengele, vyote vikanyamaza. Nikasema, haya, sasa tutaheshimiana.

Siku hizo nilikuwa nasubiri simu ya mdogo wangu wa kike. Yuko ng'ambo, na tangu msiba wa mama, miaka mitatu, hatukuwa tumesemeshana. Nilimwambia mbele ya waombolezaji kwamba amekuja kumzika mama kama mgeni mwalikwa. Ulimi hauna mfupa. Mwezi uliopita nilijishusha, nikamwandikia: "Nisamehe. Ukiwa tayari nipigie kwenye kompyuta, nipo mbele yake kutwa." Simu yangu ya mkononi ni ile ya vitufe, mambo hayo haiyawezi, na namba yake yeye hana.

Hakupiga. Wiki ya kwanza nikasema ana kazi. Wiki ya tatu nikasema ana moyo wa jiwe, karithi kwa baba. Nilishaomba radhi mara moja, sikuwa tayari kupiga magoti mara ya pili. Nilikuwa mpweke, na kiburi kilinisaidia nisilitamke neno hilo.

Jumanne moja mteja wangu, mama mwenye duka la dawa, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, amevimba.

"Fundi, nimekuandikia mara tatu ngazi ihamie kulia. Siku hizi unaringa?"

"Mama, sijaona hata moja, haki ya Mungu."

"Basi fungua tuone."

Nikafungua orodha ya vilivyonyamazishwa. Vyake vitatu vilikuwepo. Katikati yavyo, vya mdogo wangu. Alikuwa amepiga mara tisa. Alhamisi iliyopita aliandika: "Kaka, nimekuja na mtoto, tunapita tu. Tuko uwanja wa ndege mpaka saa kumi. Nataka amwone mjomba wake."

Saa kumi kasoro dakika tano: "Haya, kaka. Nimelielewa jibu lako."

Saa hizo nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, nachora choo cha mtu. Uwanja wa ndege ni mwendo wa nusu saa. Sikujua hata kama ana mtoto.

Nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikaandika kwamba kosa lilikuwa la kengele ya kompyuta. Nikasoma, nikafuta. Ningekuwa yeye, nisingeamini. Mwisho nikaandika, "Mpwa wangu anaitwa nani?" nikatuma.

Mama wa duka la dawa akauliza kama ngazi yake itakuwa tayari kesho. Nikamwambia hata leo, kama hana haraka, avute kiti akae.