Mguu wa Gundi

Kazi yangu ni kuchoma nzi pini na kuwapanga kwenye droo za jumba la makumbusho, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Shule niliishia darasa la sita, lakini nzi wa miguu mirefu nawajua kuliko wajomba zangu.

Asubuhi hiyo daktari wa wadudu aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, anacheka peke yake.

"Mzee wangu, njoo uone! Dume huyu, mguu wa mbele umetanuka kama kafi, tena mweupe. Hakuna jenasi ya nzi yenye dume wa hivi. Ni mpya kabisa! Makala naituma saa nane."

Niliinama kwenye hadubini, nikautambua. Mguu ule niliubandika mimi. Mwaka juzi niliangusha kisanduku, nikaokota miguu mezani na kumrudishia kila nzi wa kwake kwa gundi. Au niliodhani ni wa kwake. Hakuna aliyenituma, sikutaka droo zangu zijae vilema.

Nikisema, kibarua kinaota nyasi. Nisiposema, nzi asiyekuwepo duniani anaingia vitabuni.

"Daktari, mguu huo si wake."

"Umeanza, mzee. Wewe choma pini, kuainisha niachie mimi."

"Niliubandika kwa gundi."

"Mguu mwembamba kama unywele? Kwa vidole hivyo vya fundi chuma?"

Nilimwambia mara tatu. Mara ya tatu akaniambia nikanywe chai. Saa saba na nusu bado anaandika. Nikachovya brashi kwenye maji ya vuguvugu, nikagusa bega la nzi wake.

"We baba, una wazimu?"

Mguu ukadondoka. Pale ulipokuwa, gundi iling'aa kama kamasi.

Daktari alifuta kichwa cha makala, neno moja moja. Kisha, bila kunitazama:

"Umebandika mingapi?"

"Sikuhesabu. Droo nne hivi."

"Nne! Zipi?"

Nikamwonyesha. Ndizo alizotumia kwa makala zake mbili za mwaka jana.

Alijibwaga kitini kama gunia. Nikangoja aniambie nichukue koti langu. Akanisukumia bakuli la maji.

"Anza droo ya kushoto. Mguu kwa mguu. Na ole wako nikuone tena na gundi."