Saa ya Bi Mishi na Chombo cha Kioko

Kwa miaka sita, hakuna disketi iliyotoka katika ofisi ya Bwana Mohdhar pale Changamwe bila kupita mikononi mwa Bi Mishi. Programu ilipokwisha kuandikwa, yeye ndiye aliyelifungua daftari lake la jalada jeusi na kuzifuata hatua arobaini na moja: kuyageuza mafaili yote, moja baada ya jingine, yawe lugha ya kompyuta, kuyaunganisha, kisha kuyanakili. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima.

Mwaka wa 1993 akaajiriwa Kioko, akaja na chombo chake. Kilikuwa programu ndogo ya kuundia programu nyingine: kiliandikiwa hatua zote mara moja, kisha kikazifuata chenyewe. Tena kilitazama saa iliyoandikwa kwenye kila faili; lililobadilika baada ya kazi iliyopita kililigeuza upya, lisilobadilika kililiacha. Asubuhi nzima ikawa dakika nne.

"Na hicho chombo chako chanywa chai?" Bi Mishi alimwuliza.

"Hakinywi, Bi Mishi. Wala hakiombi ruhusa ya kwenda arusini Mtopanga."

"Basi ngoja kikosee, tuone utamnunia nani."

Bwana Mohdhar, mwenye ofisi, aliamua kukijaribu kwa programu ya dawa ya zahanati moja ya Mikindani. Kikifaulu, daftari lingewekwa kabatini. Kikishindwa, Kioko angeondoka nacho. Bi Mishi alilisikia lile la kwanza tu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na hakujua ni nani mwingine angemwita kazini.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Kioko alikiendesha chombo. Walipoijaribu programu, waliona kwamba orodha ya dawa zilizopitwa na muda iliiacha dawa ya mwisho. Saa sita mchana Bi Mishi aliusahihisha mstari uliokosewa katika kompyuta yake, akampa Kioko faili kwa disketi. Kioko akakiendesha chombo mara ya pili, na programu ikapelekwa Mikindani.

Jumatatu Rosalia, muuguzi wa zahanati, alipiga simu. Dawa ya mwisho haikuonekana bado.

"Nilikwambia sharti langu, Kioko," alisema Bwana Mohdhar. "Bi Mishi, tafadhali, lifungue daftari."

Alilifungua. Kufikia adhuhuri dawa ya mwisho ilikuwa mahali pake, naye moyo wake ukatulia kama wa mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Ndipo alipoiona saa iliyoandikwa kwenye faili alilolisahihisha: saa kumi na mbili alfajiri. Akaitazama saa ya mkononi mwake.

Saa ile aliachiwa na babake, mwadhini wa Likoni, na mishale yake ilikuwa ya Kiswahili: jua likiwa utosini, mshale mfupi husimama kwenye sita. Kila umeme ulipokatika, kompyuta yake kuukuu ilimwuliza wakati, naye akaijibu kama saa ya babake ilivyosema; sita yake ya mchana kompyuta iliihesabu sita ya Kizungu, yaani saa kumi na mbili alfajiri. Daftari halikudhurika, kwa kuwa liligeuza kila faili, jipya na la kale. Lakini chombo kililiona faili la alfajiri kuwa la kabla ya kazi ya saa nne, kikalipita.

Hapana aliyejua. Kioko alikuwa akizipanga disketi zake katika mfuko, kwa uangalifu mno.

"Bwana Mohdhar," Bi Mishi alisema, "chombo hakina kosa. Mimi ndiye niliyekidanganya, wallahi bila kukusudia." Akamweleza yote, akaivua saa na kuiweka mezani.

Bwana Mohdhar aliichukua. "Marehemu mzee wangu alikuwa nayo kama hii," alisema. "Kioko, rudisha disketi zako."

"Na daftari?" Bi Mishi aliuliza.

Kioko ndiye aliyejibu. "Ndani ya chombo nimeziandika hatua zako arobaini na moja, Bi Mishi. Hii ya kuzilinganisha saa za kompyuta sikuijua. Sijui nyingine ngapi sizijui."

Bi Mishi aliivaa saa yake, bila kuigusa mishale, akavuta kiti.

"Sogea huko," alisema. "Nionyeshe hatua mpya huandikwa wapi."