Mavi ya Moto kwa Mguu wa Mkwe

"Hiyo sufuria hutapikia wajukuu wangu ugali tena, Rispah. Umesikia?"

"Nitaisugua na mchanga, mama."

"Hata uisugue mpaka itoboke!"

Binti yangu aliendelea kukoroga mavi ya ng'ombe jikoni kama uji wa wimbi. Yalitoa mapovu ya kijani, na mvuke wake ukanikaa kooni. Nilikuwa nimetoka Kitale asubuhi hiyo kuja kuwaona hapa Bungoma. Chai niliyopewa ilinishinda kumeza.

Mume wake, Wabwile, alikuwa amelala nyuma ya pazia la chumba chao. Gauti ilikuwa imemvimbisha kidole gumba cha mguu. Huko chumbani mama mkwe haingii. Sisi Wabukusu tunaheshimiana hivyo. Hata mkono sijawahi kumpa tangu amwoe Rispah.

"Joto linavuta ugonjwa," Rispah alisema. "Juzi mguu ulitoa maji. Leo ni usaha. Si unaona gauti inatoka?"

"Gauti haitoki na usaha. Umemchoma, halafu unapaka mavi juu ya kidonda."

"Diploma yako ni ya ualimu, mama, si ya udaktari. Na usipige kelele, majirani watasikia."

"Majirani wananusa tangu juzi!"

"Mama, wacha tu," Wabwile aliita kutoka ndani. "Dawa imeshika. Sasa hata akiweka ya moto sana, sisikii kitu."

"Husikii kidole?"

"Kidole, mpaka huku juu ya wayo."

Nilisogea karibu na pazia. Chini ya uvundo wa mavi kulikuwa na harufu nyingine, tamutamu, ya nyama iliyoshinda juani. 

"Jifunike shuka, Wabwile. Naingia."

"Mama, hapana! Watu watasema nini?"

"Waseme nikiwa ndani."

Mkwe wangu alijifunika uso kwa shati. Nilibandua jani la mgomba walilofungia mavi mguuni, nalo likaja na ngozi. Ndani palikuwa peusi, pameloa, na nzi mmoja akatoka akitembea. Wabwile hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

"Rispah! Leta maji safi na kanga. Halafu simamisha gari lolote litupeleke hospitali."

Nilimwagia maji, nikafunika mguu, nikaingiza bega langu chini ya kwapa lake.

"Mama, utanishika?" aliuliza kwa aibu.

"Nimeshakushika. Ruka na huo mzima."

Tukatoka mlangoni tumekumbatiana, majirani wakitazama.