Ngao ya Kipa Aliyekaa Chini

Miaka kumi na tisa fundi yule alichonga maandishi kwenye vikombe na ngao, hata mkono ukazoea: mfungaji bora, mchezaji bora, bingwa. Siku moja klabu ya mpira ikamletea karatasi ya maneno ya kuchonga kwenye ngao: "Kwa kipa wetu, kwa kukaa chini."

Akaisoma mara mbili. Akamwita mumewe, ambaye mpira kwake ni kelele tu.

"Baba Pacha, kipa anapewaje tuzo kwa kukaa chini?"

"Kipa akikaa chini si ndiyo kafungwa?"

Kuuliza si ujinga. Alipomaliza kuichonga ngao, badala ya kumtuma mtu, aliipeleka mwenyewe uwanjani. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mama anayefua jezi za klabu; fundi akamuuliza maana ya maneno yale.

"Kwani hukusikia?" mama alishangaa. "Siku ya mechi wakubwa wa uwanja walifunga mlango wa watu wa viti vya magurudumu, eti wageni wakubwa wapitie hapo. Watu sita wakabaki nje juani. Kipa akapata habari. Filimbi kulia tu, akaketi kwenye mstari wa goli, miguu kainyoosha kama yuko sebuleni kwao."

"Refa je?"

"Alimpa kadi ya njano. Wenzake nao wakakaa, mmoja mmoja. Halafu, dada yangu, na wapinzani wakakaa!"

"Na mlango?"

"Dakika ya kumi na mbili ulifunguliwa. Mpaka leo haujafungwa."

Kipa akatokea, kijana mrefu kama mnazi, mpole wa sauti. Fundi hakuweza kujizuia.

"Mwanangu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Magoti yalitetemeka mpaka nikaona heri nikae."

Wakacheka wote watatu. Kisha kijana akaipapasa ngao, herufi kwa herufi, akauliza itatundikwa wapi.

"Wameniambia juu ya lango kuu."

"Huko juu ataisoma nani?"

Akawaongoza hadi kwenye ule mlango, akapiga goti, akaweka kiganja ukutani, usawa wa macho ya mtu aliyeketi. "Hapa, mama. Kama hawataki, waambie nimesema mimi."

Fundi alitoa penseli akatia alama, akaomba kutoboa matundu mwenyewe. Ilipokaa sawasawa alirudi nyuma kuikagua kazi yake, lakini herufi hazikuonekana vizuri. Ikambidi achuchumae.