Moshi wa Miwa Chini ya Waya

Haji Dardiri alikuwa mwana wa Qinawi, mwana wa Shamrukh, watu wa ukingo wa magharibi wa Naili, huko Qena. Shamrukh ndiye aliyegawa zamu za maji ya mfereji, na hapakuwa na mkulima aliyepeleka malalamiko kwingine. Qinawi alibeba vyuma vya minara ya umeme iliposimikwa kutoka Bwawa Kuu la Naili, na alipoapa, watu waliinuka wakaenda zao bila kuuliza la pili. Neno la nyumba hiyo lilikuwa halijawahi kutiliwa shaka, hadi msimu huu wa kuvuna miwa.

Siku mbili kabla, umeme ulikuwa umekatika mchana, pampu za maji ya kunywa zikanyamaza, kijiji kizima kikashinda na ndoo. Sababu ilijulikana: mtu alichoma majani makavu ya miwa chini ya nyaya kubwa, jambo lililokatazwa, kwa kuwa moshi mzito huufanya umeme uruke kutoka waya mmoja hadi mwingine. Mashamba mawili yalikutwa na majivu: la Wahdan, kitinda mimba wa Haji, na la Bekhit, mtu asiye na ukoo wa kumsemea. Kila mmoja alidai alichoma baada ya nyaya kufa. Wahdan akaapa mbele ya wazee kwamba moto wa kwanza ulikuwa wa Bekhit.

Siku ya tatu, alasiri, wazee walikutana tena katika baraza la Haji. Ibtihal, mjukuu wake, mhandisi wa kituo cha umeme, alimkuta mlangoni.

"Babu, nina taarifa ya rilei, ile mashine inayolinda laini ya umeme. Naomba tuisome kwanza, sisi wawili."

"Hiyo rilei iliomba ruhusa kwa nani kabla ya kuandika?"

"Haiombi ruhusa."

"Basi nawe usiombe."

"Ni baba mdogo Wahdan, Babu."

Mzee akaikaza fimbo yake mkononi. "Hata hivyo, ingia usome."

Ndani, Wahdan alikuwa akikoroga chai, Bekhit ameketi upande wa pili na kikombe chake. "Karibu, mhandisi wetu. Waambie hawa kwamba mashine yenu haimjui mwenye shamba."

Watu wakacheka.

"Majina haiyajui, baba mdogo. Umbali inaujua." Ibtihal akawaeleza kwamba rilei huipima laini bila kupumzika, na ikitokea shoti, huukata umeme, ikahifadhi picha ya mkondo ulivyokuwa kabla na wakati wa shoti, kisha ikakokotoa ilikotokea.

"Hata saa ya ukutani hukosea, binti," mzee mmoja akachokoza.

"Kweli, ami. Ndiyo maana niliomba na taarifa ya rilei ya upande wa pili wa laini. Zimeelekeza mahali pamoja. Nimefika pale, nikaziona nyaya zina alama za kuungua." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Ni kilomita ya saba kutoka kituoni. Shamba la Bekhit liko kwenye ya kumi na mbili."

Wazee wote wakamgeukia Wahdan.

"Unamuuza baba yako mdogo kwa karatasi?" Wahdan akasema.

"Nimesoma kilichopo."

"Upepo ulikuwa ukivuma," Wahdan akanong'ona, macho chini. "Nilidhani moshi utapita pembeni."

"Na kiapo je, nacho ulidhani kitapita pembeni?" Haji akauliza. "Inuka. Mbusu Bekhit kichwani, mbele ya hawa uliowaapia."

Wahdan akainuka, akainama, akambusu. Bekhit akamshika bega. "Yamekwisha, Wahdan. Ila chai yangu imepoa kwa ajili yako."

Haji akamshika Ibtihal mkono, akamkalisha kwenye benchi la Qinawi, ambalo hata yeye mwenyewe hulikalia siku za sikukuu tu. Akawageukia wajukuu wake wengine waliojibanza karibu na mlango.

"Wekeni hizo simu, mnitazame. Jina la Shamrukh leo halikutunzwa na mwanangu. Limetunzwa na huyu. Jifunzeni kusoma kama asomavyo yeye, bila kuruka mstari, hata mstari huo ukiwa unawahusu ninyi. Atakayeona ni kazi ngumu asijitambulishe popote kuwa mjukuu wangu. Mmenisikia? Basi jibuni, mmoja mmoja."