Bwana Harusi Asiye na Nywele za Kunyoa

Suhail ni mtoto wa kaka yangu, lakini mimi shangazi yake ndiye niliyemlea hapa Miburani, kisiwani Mafia, kwa hiyo nikimsema nina haki. Si mtu wa makuu. Anatengeneza simu Kilindoni, anaswali, hana maneno mengi. Kipara tu ndicho kilichomkosesha raha. Kilianza utosini, kikapanuka polepole, na siku moja mteja akamwambia mbele za watu kwamba ndege ikikosa nafasi uwanjani itatua kichwani kwake. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Haukupita muda, posa yake kwa Tasnim ikiwa imeshakubaliwa, akaenda Dar kupandikiza nywele, na hakutuambia.

Sasa oneni ujinga wake. Kwetu bwana harusi akishakubaliwa posa hanyoi. Anaziacha nywele zirefuke mpaka siku ya kunyolewa, ambapo kinyozi ananyoa, sisi mashangazi tunapiga vigelegele, na nywele tunazipokea kwenye kanga mpya ili apelekewe bibi harusi. Suhail alitaka siku hiyo atokee na kichwa kilichojaa, atufunge midomo.

Daktari alimwonya. Alimwambia nywele zake za zamani, zile zilizo jirani na zilizopandwa, zinaweza kushtuka zikadondoka, na zilizopandwa nazo hudondoka kwanza, kisha zote huota baada ya miezi. Suhail alisikia neno "huota", akaridhika. Hesabu ya miezi na tarehe ya harusi hakuifanya.

Zikashtuka kweli. Zilibaki kwenye mto, zikabaki kwenye taulo, nyingine zikaingia kwenye simu za watu. Sisi tukaona tu kijana havui kofia, hata akila. Imamu akamtaja kwenye mawaidha, vijana wamwige. Nami nikatembea Miburani nzima nimeinua shingo.

Zikiwa zimebaki siku chache, akanikuta jikoni nakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

Akafunga mlango, akavua kofia.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashuka kwenye mbuzi. Kichwa kilikuwa kama kuku anayenyonyoka, huku kipande, kule hakuna kitu. Kisha nikaona machozi yanamtoka, kicheko kikanikauka. Alinieleza yote.

"Shangazi, zuia hiyo shughuli ya kunyolewa."

"Nizuie? Bibi yake Tasnim atasema una maradhi, na kesho yake Mafia nzima itakuwa inajua jina la ugonjwa."

"Basi Tasnim atanikataa."

"Kwa ajili ya nywele?"

"Kwa ajili ya uongo. Picha zote nilizomtumia nimevaa kofia. Hajui hata kama nilikuwa na kipara. Atasema, kama amenificha hili, mangapi mengine?"

Hapo akanishika pabaya, maana Tasnim binti wa watu ana msimamo, na Suhail anampenda mpaka inatia huruma. Lakini mimi si mtu wa kushindwa jikoni kwangu. Nikamwambia akae kitini na kofia yake, nimzungushie kanga watu wasione, na Mabruki kinyozi ajifanye ananyoa. Nywele nitazileta mimi, nitazikusanya kwa Mabruki huyo huyo, za wateja wake. Suhail akavaa kofia yake, akasema, "Haya, shangazi."

Siku ikafika. Ua umejaa, ngoma inalia, Bi Hamisa, bibi yake Tasnim, amekaa mbele kabisa na sinia lake la kupelekea nywele, macho makali. Nywele za kuazima nimezifunga kwenye pindo la kanga yangu. Mabruki akachovya wembe majini. Nikakunjua kanga nimzungushie Suhail, naye akaisukuma pembeni, akasimama.

"Bi Hamisa," akasema, "usimpelekee mjukuu wako nywele zisizo zangu." Akavua kofia. "Nilikuwa na kipara. Nikaenda Dar kupandikiza, na hata zile nilizokuwa nazo zimenikimbia. Kama Tasnim ananikataa, anikatae leo, kabla ya ndoa."

Ngoma ikanyamaza. Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani kumkumbatia.

Bi Hamisa akaweka sinia chini. Akatoa simu kifuani, akampigia mjukuu wake, akamsimulia kila kitu bila kupunguza hata unywele, kisha akaweka sauti kubwa ua mzima usikie. Kwanza tulisikia kicheko. Kicheko kirefu, mpaka Suhail akainamisha kichwa.

"Suhail," Tasnim akasema alipopata pumzi, "unakumbuka ulivyokuja kwetu kumtengenezea baba simu? Kabla ya posa?"

"Nakumbuka."

"Ulikaa barazani, chini ya dirisha langu. Joto lilikuwa kali, ukavua kofia ukajifuta jasho. Mimi nilikiona kipara kabla sijauona uso. Wazee wako walipoleta posa, bibi akaniuliza kama nakujua."

"Akanijibu," Bi Hamisa akadakia, "ni yule mwenye kipara, anayeongea na simu mbovu kama anambembeleza mtoto. Mwambieni ndiyo, kabla hajaenda kwingine."

Ua ukalipuka vigelegele. Mimi nililia kwa furaha, sioni aibu kusema, nikazitupa zile nywele za watu nyuma ya choo. Suhail alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili, mabega yanamcheza, na sikujua kama anacheka au analia. Alipovitoa, alikaa kitini na kumgeukia Mabruki.

"Nyoa zote," akasema. "Anifahamu vizuri."